Shilingi ya Nasari: Kulinganisha Matumizi ya Kenya na Tanzania Ukiwa Kericho au Bomet

Mkulima wa chai wa Litein hapimi bonasi kwa mamilioni ambayo kiwanda kimelipa kwa jumla. Anauliza kilo moja imelipwa ngapi, makato ni ya nini, na jirani zake wa Kapkatet na Mogogosiek wamepata nini. Mtu huyo huyo ukimuuliza kaunti inatumia shilingi ngapi kwa mwaka kumsomesha mjukuu wake nasari, atakutazama kama uliyemuuliza bei ya mbuga. Si kosa lake. Hesabu hiyo haitangazwi redioni, na aliyeiandika aliitawanya katika vitabu vitatu au vinne vya bajeti.

Ila kuna jambo ambalo wengi husema hapa kwetu, iwe sokoni Kericho au kwenye matatu ya Sotik: kwamba Tanzania imetushinda, kwa sababu kule mtoto huanza shule bure tangu darasa la awali. Wengine husema kinyume, kwamba Kenya ina pesa zaidi. Makala haya ni ya mzazi, mwalimu au kiongozi wa kanisa anayetaka kujua ni nani mkweli, na zaidi ya hapo, anayetaka kuikamata namba ya kaunti yake mwenyewe.

Mtego wa bajeti ya wizara

Anayeanza kulinganisha hukimbilia namba kubwa. Kenya, katika mwaka wa fedha wa 2025/26, ilitengea sekta ya elimu shilingi bilioni 702.7. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ya Tanzania iliomba bungeni Dodoma zaidi ya shilingi trilioni 2.4 za kwao kwa mwaka huo huo. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 20 za Tanzania, kwa hiyo trilioni hizo zinakuwa kama bilioni 120 zetu. Hapo mtu anapiga kofi mezani: Kenya inatumia karibu mara sita!

Hesabu ya kugawanya ni sahihi, ila vitu vilivyolinganishwa si vya aina moja. Zaidi ya nusu ya zile bilioni 702.7 ni za Tume ya Huduma za Walimu, TSC, yaani mishahara ya walimu wa shule za msingi na sekondari. Kwa Tanzania, mishahara ya walimu wa shule za msingi haiko katika fungu la Wizara ya Elimu. Iko chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, TAMISEMI, na hupitia mafungu ya mikoa na halmashauri. Upande mmoja umehesabu walimu, upande wa pili haukuwahesabu.

Tena kwa mtoto wa nasari namba zote mbili hazisemi karibu chochote. Nasari ya Kenya haimo katika zile bilioni 702.7, isipokuwa vipande vidogo kama mtaala unaotungwa na KICD, taasisi ya taifa ya mitaala, na usimamizi wa viwango. Pesa zake ziko katika bajeti 47 za kaunti. Na darasa la awali la Tanzania limo ndani ya elimu ya msingi, limechanganywa humo hata huwezi kulitenganisha kwa macho.

Kwetu, aliye na daftari ni kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013, nasari ilikuwa mzigo wa mzazi. Elimu ya msingi ya bure ya 1974 haikuigusa, ile ya 2003 pia haikuigusa. Wazazi walichanga mshahara wa mwalimu, kanisa likatoa chumba, na mwezi wa ukame mwalimu akakaa nyumbani. Mwaka 2003 wapo waliomtoa mtoto nasari na kungoja afikishe umri wa darasa la kwanza, kwa kuwa huko hakuna karo.

Ugatuzi ulibadilisha mwenye kulipa, ila ukaacha ukuta katikati ya ua mmoja wa shule. Nenda shule yoyote ya umma ya Konoin au Belgut. Mtoto wa PP2, mwaka wa mwisho wa nasari, na kaka yake wa Gredi ya Kwanza wanaingia kwa lango moja. Kaka ana mwalimu aliyeajiriwa na TSC, na shule inapata kwa ajili yake mgao wa serikali kuu ambao kwa miaka umekuwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mtoto wa PP2 hayumo katika mgao huo. Mwalimu wake ameajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, mara nyingi kwa mkataba, na chaki yake ni ya kaunti kama ililetwa. Kwa hiyo mzazi anayemlalamikia mbunge au afisa wa TSC kuhusu mwalimu wa nasari amepeleka kesi kwa hakimu asiye na mamlaka. Wenye kujibu ni gavana, waziri wa kaunti wa elimu na mwakilishi wa wadi yake. Kericho ina wadi 30, Bomet 25. Mwakilishi wako yuko karibu kuliko unavyodhani.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi huliona bila kujua chanzo chake: madarasa mapya ya nasari yenye rangi inayong'aa, na ndani yake mwalimu mmoja wa watoto wengi, au mlango uliofungwa. Uvivu wa wanasiasa unaweza kuwa sababu moja, na kukata utepe ni raha. Lakini sheria yenyewe inasukuma upande huo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, na kanuni zake za 2015 zinazuia mishahara isipite asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kujenga darasa ni maendeleo. Kuajiri mwalimu ni mshahara. Kaunti iliyokaribia ukingo wa asilimia 35 itaona ni rahisi kujenga vyumba kumi kuliko kuongeza walimu kumi, ingawa mtoto hufundishwa na mtu, hafundishwi na bati. Kwa maoni yangu hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza mwakilishi wa wadi anapokuja kujisifu kwa darasa jipya: nani atafundisha humo, na mshahara wake uko ukurasa gani?

Nchi ya chai ina ugumu wake wa ziada. Mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, yaliyomilikiwa kwa miongo mingi na kampuni za Uingereza, yalijenga vijiji vya wafanyakazi vyenye shule na vituo vya kulelea watoto. Watoto wanaolelewa kwa gharama ya mwajiri hawaonekani katika matumizi ya kaunti. Kisha mashamba yanapouzwa, kama yalivyouzwa ya James Finlay mwaka 2023 na yale ya Lipton mwaka 2024, au mashine za kuchuma zinapochukua nafasi ya mikono na familia zikarudi kijijini, watoto hao huhamia nasari za umma. Idadi inapanda ghafla wakati pesa zilipangwa kwa idadi ya zamani. Ukigawanya bajeti kwa watoto, hakikisha unajua ni watoto gani waliohesabiwa.

Na usisahau lile neno la vituo vya kulelea watoto katika Jedwali la Nne. Mama anayechuma chai huondoka nyumbani alfajiri, na nasari nyingi hufunga adhuhuri. Mtoto wa miaka miwili hana darasa kabisa. Kazi hiyo pia Katiba iliipa kaunti, sentensi ile ile. Tafuta katika kitabu cha bajeti kama ina mstari wake. Usipouona, umeshapata hoja ya kwenda nayo.

Upande wa Mufindi na Rungwe

Nyanda za juu kusini mwa Tanzania kuna chai kama yetu, Mufindi katika mkoa wa Iringa na Rungwe katika mkoa wa Mbeya. Mtoto wa huko haanzii katika mikono ya serikali ya eneo yenye gavana na bunge lake. Anaingia darasa la awali ndani ya shule ya msingi, kwa kawaida akiwa na miaka 5, kwa mwaka mmoja. Mwalimu wake ni mtumishi wa serikali kama walimu wenzake wa shule hiyo. Hana mwajiri wa pekee wa nasari.

Ada iliondolewa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, na uliitaja elimu ya awali waziwazi. Matokeo yalionekana mlangoni: waliojiandikisha awali waliruka kutoka kama milioni 1 mwaka 2015 hadi milioni 1.5 mwaka uliofuata. Tangu hapo Hazina hupeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja katika akaunti ya shule. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 za Tanzania kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 zinafika shuleni na 4,000 ni za vitabu. Ukizibadilisha zote ni kama shilingi 500 za Kenya. Kwa anayedhani Tanzania inamwaga pesa, hiyo namba inatosha kumtuliza.

Pale Tanzania palipo na nguvu ni katika uandikishaji na katika hadhi ya mwalimu. Palipo na udhaifu ni msongamano. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini takwimu za UNICEF za miaka ya karibuni zimeonyesha shule za serikali zenye zaidi ya watoto 100 kwa mwalimu mmoja mwenye sifa. Serikali imejibu kwa mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ulioanza 2021/22, na kwa mradi wa BOOST uliopewa dola milioni 500 na Benki ya Dunia mwaka 2022 kwa elimu ya awali na ya msingi. Zingatia kwamba pesa za BOOST ni mkopo na za awali na msingi pamoja. Ukizihesabu zote kama za awali umeidanganya hesabu.

Jambo moja dogo ambalo huwapotosha wengi: takwimu za elimu zinazoitwa za Tanzania mara nyingi ni za Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ina wizara yake, bajeti yake na utaratibu wake wa maandalizi.

Kuipata namba ya mtoto mmoja

Sasa kalamu na karatasi. Katika bajeti ya programu ya kaunti, fungua idara ya elimu na utafute programu ya elimu ya chekechea, ECDE. Andika mafungu matatu, kila moja peke yake: mishahara, ujenzi, na vifaa. Mishahara wakati mwingine imefichwa katika programu ya utawala ya idara nzima, pamoja na ya walimu wa vyuo vya ufundi. Ikiwa hivyo, uliza idadi ya walimu wa nasari na ngazi ya mishahara yao, kisha ukokotoe mwenyewe.

Tuchukue kaunti ya kubuni, kwa mazoezi tu. Imetenga milioni 300 kwa nasari: mishahara milioni 228, ujenzi milioni 60, vifaa milioni 12. Watoto ni 40,000. Ukigawanya, kila mtoto ametengewa shilingi 7,500. Namba nzuri ya kusomwa jukwaani. Lakini mwaka umekwisha na ujenzi umetumia milioni 25 tu, kwa sababu pesa za Hazina zilichelewa au mkandarasi alitoweka. Kilichotumika kweli ni milioni 265, yaani shilingi 6,625 kwa mtoto. Na kilichofika mikononi mwa mtoto kama kitabu, udongo wa kufinyanga au rangi ni shilingi 300. Namba tatu za kaunti moja, zote za kweli. Mwanasiasa atachagua ya kwanza. Wewe uliza ya pili na ya tatu.

Namba ya kilichotumika hupatikana katika ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ambazo hutolewa kila robo mwaka kwa kaunti zote 47, na baadaye katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Hiyo ya Mkaguzi ndiyo husema kama darasa lililolipiwa lipo.

Kwa Tanzania unaenda kwa njia nyingine, kwa kuwa hakuna fungu la awali peke yake. Anzia shuleni. Tuseme, tena kwa mazoezi, mwalimu wa awali analipwa shilingi 700,000 kwa mwezi, ambazo ni milioni 8.4 kwa mwaka. Akiwa na watoto 80, serikali inatumia 105,000 kwa mtoto kama mshahara. Akiwa na watoto 25 kama mwongozo unavyotaka, ni 336,000. Mwalimu ni yule yule na mshahara haukubadilika, lakini matumizi kwa mtoto yamezidi mara tatu. Ndiyo maana namba ya matumizi bila ya idadi ya watoto darasani ni nusu ya habari. Ongeza ruzuku, baada ya kumuuliza mwalimu mkuu kama watoto wa awali waliingizwa katika idadi iliyotumwa kuombea ruzuku hiyo.

Kabla ya kuweka nchi mbili bega kwa bega, linganisha pia miaka. Kenya inatoa miaka miwili, PP1 na PP2, kwa watoto wa miaka 4 na 5. Tanzania mwaka mmoja. Shilingi 6,000 kwa mwaka kwa miaka miwili si sawa na 8,000 za mwaka mmoja, hata kama kwenye jedwali la mwaka ya pili inaonekana kubwa. Bahati nzuri miaka ya fedha inalingana: nchi zote mbili huanza Julai na kumaliza Juni.

Halafu kuna pesa ambazo haziko katika kitabu chochote cha serikali. Uji, mlinzi, ukarabati wa choo, na mahali pengine mwalimu wa ziada aliyeajiriwa na kamati ya wazazi. Huo mchango upo Bomet na upo Mufindi. Uandike kwa mwaka mzima na uuweke kando ya namba ya serikali. Wakati mwingine mzazi maskini ndiye mfadhili mkubwa kuliko kaunti, naye hana habari.

Kipimo cha dunia kipo, na kinafaa kujulikana ili mtu asikudanganye kwa asilimia. UNICEF ilipendekeza katika ripoti yake ya 2019 kwamba serikali zitumie angalau asilimia 10 ya bajeti ya elimu kwa elimu ya awali, na Azimio la Tashkent la Novemba 2022 likasisitiza kiwango hicho. Ripoti ile ya 2019 ilisema nchi maskini kwa wastani zilikuwa karibu asilimia 2. Kwa Kenya asilimia hiyo lazima itafutwe kwa kuchukua matumizi ya nasari ya kaunti zote na kuyagawa kwa elimu yote, ya taifa na ya kaunti. Gavana akikuambia nasari ni asilimia 60 ya bajeti ya idara yake ya elimu, usishtuke wala usipige makofi. Idara ya elimu ya kaunti ina nasari, vyuo vya ufundi na basari, basi. Lazima nasari iwe kubwa humo.

Wapi, lini, na kwa lugha gani

Kalenda ya kaunti ni ya sheria, haitegemei hisani ya mtu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoamua kila idara itapata kiasi gani, ni kabla ya Februari 28. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kabla ya Aprili 30, na lazima yapitishwe kabla ya Juni 30. Watu wengi hujitokeza Mei, kamati ya bajeti inapozunguka kusikiliza maoni. Si vibaya, lakini kufikia Mei mgao wa idara umeshafungwa na kinachobaki ni kusogeza visehemu. Anayetaka walimu zaidi aende Februari. Anayetaka nasari mpya kijijini kwake aende mapema zaidi, wakati mpango wa mwaka unaandikwa, yaani Agosti.

Ukienda, usiombe "serikali itusaidie na nasari". Ombi la namna hiyo huandikwa na kusahauliwa kabla ya chai ya saa nne. Taja shule, wadi, idadi ya watoto wa PP1 na PP2, idadi ya walimu, na mwaka ambao mstari wa shule yako uliwekwa katika bajeti bila kutekelezwa.

Ukinyimwa hesabu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuiomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya, lalamika kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, inayojulikana pia kama Ombudsman. Tanzania nayo ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2016, na muda wa kujibu ni siku 30. Kule mahali pa kuanzia ni ubao wa matangazo wa shule, ambapo ruzuku iliyopokelewa inapaswa kubandikwa, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri.

Barua yenyewe iwe fupi. Omba mambo manne: kiasi kilichotengewa ECDE mwaka uliopita, kiasi kilichotumika, idadi ya watoto waliosajiliwa katika nasari za umma kwa kila wadi, na idadi ya walimu walio kazini pamoja na aina ya mikataba yao. Weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, na anza kuhesabu siku 21 kuanzia tarehe ya muhuri huo.